Furushi Lisiyumbe

Siku ya tatu ya msiba wa baba, mawe ya kupikia yaliisha. Watu walikuja wengi kuliko tulivyojiandaa, sufuria zikaazimwa mpaka mtaa wa pili, na wanawake waliokuwa wanapika nyuma ya nyumba wakawa wanaokota chochote kigumu cha kuinjikia. Nilitoka kwenda kuchota maji nikanusa kitu. Haukuwa moshi wa kuni wala wali unaoshika chini. Ilikuwa harufu nzito ya mafuta ya gari ya siku nyingi, mafuta yaliyolala na vumbi na mpira, na kabla sijaona inatoka wapi, nilikwisha kuitambua.

Nikainama kuchungulia. Sufuria ya maharage ilikuwa imekaa juu ya mawe mawili na tofali, na juu ya tofali, ili kimo kilingane, walikuwa wamelaza shokapu ya gari. Ilikuwa ya njano, ingawa njano yenyewe ilibaki viraka tu. Mtu alikuwa ameiokota stoo. Nikaomba kanga, nikaitoa mwenyewe, nikaungua kidole. Mpishi mmoja akaniuliza kuna nini, nikamjibu kwamba chuma kile kinaweza kulipuka. Uongo mtupu. Kiliishiwa kila kitu ndani tangu nikiwa darasa la nne. Wakaniacha, maana mfiwa huachwa afanye anavyotaka.

Wanangu nimewasimulia karibu utoto wangu wote. Nimewaambia jinsi nilivyoanguka kwenye lambo, jinsi nyuki walivyomfukuza mwalimu wa hesabu, jinsi tulivyokuwa tunalala juu ya pamba na kuamka tumevimba kwa kuwashwa. Habari ya shokapu ya njano sijamwambia mtu, hata mume wangu. Sasa baba hayupo wa kuona haya, nimebaki mimi.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka jinsi mambo yalivyobadilika ghafla. Pamba yetu tangu enzi za babu zetu ilinunuliwa na ushirika, polepole, na malipo yakachelewa mpaka watu wakatunga nyimbo za kuulalamikia. Kisha kila kitu kikawa ruksa. Wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na turubai lake na mizani yake, na Bariadi ikajaa watu waliokuwa jana makarani, walimu au wachunga ng'ombe, leo wanaitwa mawakala. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Aliacha ukarani, akauza ng'ombe wote waliobaki boma la babu, akanunua pikapu iliyochoka ya fowili, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, na mama hakusema naye mpaka mvua za masika zilipoisha.

Baba hakutaka kugombania pamba ya karibu na barabara kuu. Aliitaka pamba ya ndani, upande wa Lingeka, ambako kuna mito ya mchanga isiyo na madaraja na udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka na kukauka mgumu kama sakafu iliyovunjwa. Kwa hiyo gari likainuliwa. Liliongezewa vyuma vya springi nyuma likasimama juu mithili ya mbuzi anayetaka kupigana, na kwa kuwa shokapu za zamani zilikuwa fupi kwa kimo kile, baba akaenda Mwanza akarudi na nne mpya za njano. Hazikuwa jenuini, muuzaji mwenyewe alimwambia, ila alimwapia kwamba watu wa mbugani wanazisifu. Zilinukia rangi mbichi. Nililala nazo chumbani usiku mmoja kwa sababu baba aliogopa wezi, na nilijiona mtu mkubwa.

Likizo ya Juni nilikwenda naye kila safari, kwa kuwa mama alikuwa na mtoto mchanga na mimi nilikuwa msumbufu nyumbani. Nilikuwa na kazi yangu. Pale kijijini baba alisimamisha magogo matatu yaliyofungwa kileleni, akaning'iniza mizani yenye uso wa mviringo kama saa ya ukutani, na chini yake ndoano. Watu walileta pamba vichwani, imefungwa kwenye mashuka na maturubai. Furushi likitundikwa lilianza kuyumba na mshale ukayumba nalo.

"Kabula," baba alinielekeza siku ya kwanza, "ingia chini, inama, weka mgongo. Likiyumba mshale haukai, na watu watasema tunawaibia."

Nikaingia. Niliinama, mikono magotini, nikalipokea furushi kwa mgongo na kulisukuma juu kidogo mpaka likatulia. Pamba ilikuwa na joto la jua na harufu ya vumbi tamu, na mbegu zake zilinichoma kupitia gauni. Pale chini sikuona mshale. Niliona miguu tu, miguu yenye magaga ya wenye pamba, na viatu vya baba. Nikamsikia juu yangu anasoma kilo kwa sauti ya upole, kisha mtu anasema wabeja, asante, kisha furushi jingine. Nilikuwa na mgongo imara na nilijivuna nao. Jioni nilimwonyesha mama mikwaruzo kama askari anayeonyesha majeraha, na mama akaipaka mafuta ya ng'ombe bila kuniuliza nimeipata wapi.

Muuzaji wetu mkubwa kule alikuwa mama mmoja mjane, Mayu Nkwimba, yaani Mama Nkwimba kwa Kisukuma, aliyelima na binti yake Limi tu. Kila safari, nikitoka chini ya mizani, Mayu Nkwimba aliniita pembeni na kunipa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, vinavyong'ang'ania meno. Nilipiga magoti kupokea. Aliniangalia nikitafuna mpaka nimalize. Nilijua ananishukuru kwa kulituliza furushi lake.

Limi alinizidi miaka mitatu au minne. Alikuwa darasa la saba, na mwalimu mkuu alikwisha kumwambia mama yake kwamba yule mtoto atafaulu, ajiandae. Limi alikuwa na karatasi ya vitu vya kwenda navyo bwenini, aliyoinakili kwa msichana aliyefaulu mwaka uliopita: sanduku la bati, godoro, blanketi, ndoo, shuka mbili. Aliikunja ndogo akaiweka ndani ya kitambaa cha kichwani. Pamba yote ya mwaka ule ilikuwa ya karatasi ile.

"Wewe wa mjini," aliniuliza, "vile vitanda vya kupandana, wa juu haanguki?"

Nikamwambia haanguki, ingawa sikuwahi kuona kitanda cha namna hiyo.

Baada ya safari ya nne au ya tano pikapu ikaanza kugonga. Mwanzoni ko-ko-ko nyuma kushoto, tena kwenye mashimo tu. Kisha ikagonga kote. Kisha ikaanza kurukaruka, tukivuka tuta dogo inadunda mara nne ndipo itulie, na baba akatukana kwa lugha zote mbili, Kiswahili na Kisukuma. Tulipofika nyumbani aliinama akakuta shokapu ya kushoto imelowa mafuta, vumbi limeganda juu yake kama uji. Shokapu ilikuwa haijamaliza mwezi.

Baba alimwamini fundi mmoja tu, Mzee Maduhu, aliyekuwa fundi wa karakana ya ushirika mpaka ilipofungwa. Alifanyia kazi nyuma ya soko, kwenye shimo alilolichimba mwenyewe ili aingie chini ya magari. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Baba alifika amekasirika.

"Umezifunga vibaya, fundi. Zimekufa."

"Mwangaluka kwanza, Baba Kabula," Mzee Maduhu alimjibu, na baba akalazimika kusalimia.

Hakugusa spana. Alikanyaga bampa la nyuma kwa uzito wake wote, akaachia, akahesabu gari linavyodunda. Akatwambia tuzunguke mji mara mbili kwenye mashimo tukarudi, kisha akashika shokapu moja moja kwa kiganja. Akaniita nami nishike. Tatu zilikuwa za moto na moja ya baridi.

"Inayofanya kazi inapata joto," alinieleza, kana kwamba mimi ndiye mwenye gari. "Hii ya baridi imelala."

Akatafuta sababu siku mbili nzima. Kwanza alikagua raba za kwenye boliti, akazikuta nzima. Kisha akaliinua gari kwa jeki mpaka tairi likaning'inia, akitaka kujua kama shokapu ni fupi na inavutwa mpaka mwisho. Haikuwa fupi. Basi akasema kama haivutwi inagongwa, yaani mzigo unaishindilia mpaka inafika chini. Akafungua shokapu ya kulia iliyokuwa bado hai, akang'oa kifuniko chake cha vumbi, akakata kipete chembamba kwenye mpira wa tairi la baiskeli na kukivisha fimbo yake. Fimbo ikizama, kipete kinasukumwa, kinabaki pale ilipofika. Ya kushoto akatufungia ya zamani ya kuazima, akatutuma Lingeka.

"Mlete kilo zenu zilezile," alituagiza. "Ngapi kwa kawaida?"

"Mia nane," baba alimjibu. "Hazizidi."

Tulirudi na pamba, na kabla ya kwenda kiwandani tukapitia kwa fundi. Kipete kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho, kimebanwa kikawa bapa. Mzee Maduhu akakitazama muda mrefu. Tulipomaliza kushusha pamba kiwandani akatutaka turudi tena, akapanga mapipa manne ya lita mia mbili nyuma ya pikapu, akakirudisha kipete mahali pake, akayajaza maji kwa ndoo, mimi nikimhesabia. Uzito wa maji haubishaniwi. Mapipa manne yalikuwa kilo mia nane na zaidi kidogo. Akaendesha mwenyewe mpaka mtoni na kurudi, maji yakimwagika kidogo tu. Kipete kilisimama kiganja kizima kabla ya mwisho.

Akasimama anajifuta mikono. "Baba Kabula, pamba yako ni nzito kuliko maji."

Mimi nikacheka, nikidhani ni utani wa kizee. Baba hakucheka.

"Labda wanaichanganya na mchanga," alijitetea.

"Mchanga nao ungepimwa kwenye mizani yako." Mzee Maduhu alisema hivyo bila ukali, akichuchumaa tena karibu na tairi. Akanigeukia mimi, maana nadhani alitaka kumpa baba nafasi ya kupumua. "Angalia, mayu. Mzigo unabebwa na springi. Shokapu haibebi. Kazi yake kutuliza tu, gari lisiyumbe. Ukiibebesha mzigo, inakufa."

Sikuwa na nia yoyote. Nilikuwa mtoto aliyefurahi kwamba amepewa somo na fundi na analo la kuongeza.

"Kama mimi," nikamwambia. "Mimi natuliza furushi lisiyumbe."

Akaniuliza vipi. Nikamwonyesha. Nikainama pale pale kwenye vumbi la gereji, mikono magotini, nikatoa mgongo na kuunyanyua polepole, huku nimefumba macho kama nilivyozoea.

"Unasukuma juu?"

"Mpaka litulie. Baba anasema nikiweka vizuri mshale hauchezi."

Nilipofumbua macho baba alikuwa anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mzee Maduhu alinishika bega, akanisimamisha, akanikung'uta vumbi mgongoni taratibu, na mkono wake ukakaa pale kwenye mikwaruzo muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akamwambia baba kwa sauti ya kazi:

"Nitakuongezea chuma kimoja cha springi na shokapu nitakutafutia. Gari litapona. Hiyo nyingine sina spea yake."

Njiani kurudi nyumbani baba alininunulia soda, kitu alichokuwa hafanyi siku za kazi. Soda ile ilikuwa ya baridi na sikuweza kuimaliza, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimesema jambo baya, ingawa bado sikuwa na hakika ni baya kwa nani.

Safari iliyofuata nilipata hakika. Furushi la kwanza la Mayu Nkwimba lilipotundikwa, sikuingia chini. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikasimama ubavuni kwa baba, nikainua uso. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mshale ukifanya kazi. Ulikwenda, ukarudi, ukaenda tena, ukawa unapunguza mwendo kuelekea hamsini na mbili. Nilijua kusoma namba vizuri kabisa. Mayu Nkwimba alikuwa ameshika ncha ya shuka. Limi alikuwa nyuma yake na furushi la pili kichwani, jasho linamtiririka shingoni, na kwenye kitambaa chake niliona kituta kidogo cha ile karatasi.

"Kabula," baba aliita.

Hakupaza sauti. Aliita kama mtu anavyomwita mtoto aje kula. Nilimtazama, naye akanitazama, na usoni pake hapakuwa na hasira. Palikuwa na ombi. Baba yangu aliyejua kuimba, aliyeuza ng'ombe wa baba yake, ambaye mama alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuongea naye, alikuwa ananiomba mimi, mbele ya watu, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Ningeweza kubaki pale. Ningeweza kusema tumbo linauma, au naenda kujisaidia, au kulia tu, maana mtoto anaruhusiwa kulia. Dakika moja tu na mshale ungetulia wenyewe. Niliingia chini. Niliinama, nikaweka mgongo, na safari hii nilisukuma nikijua ninachokisukuma.

"Arobaini na moja," baba alisoma juu yangu.

Wakatundika la pili, la Limi. Nikasukuma na hilo. Nilisukuma yote, saba, mpaka Mayu Nkwimba akabaki na mashuka matupu mkononi. Akaniita pembeni kama siku zote, akanipa matobolwa, nami nikapiga magoti nikapokea kwa mikono miwili, nikala. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kusukuma naweza kutafutia maneno, nilikuwa mdogo, niliagizwa. Kula sikuagizwa na mtu.

Msimu uliisha. Limi alifaulu, jina lake likabandikwa, na Januari hakwenda. Baba alileta habari hizo mezani kama anavyoleta habari za mvua: binti wa Nkwimba ameolewa upande wa Nassa, ng'ombe wamekuja wazuri. Mama akasema mtoto yule, mbona bado mdogo. Baba akaomba chumvi. Mimi nilipofaulu, miaka iliyofuata, niliondoka na sanduku la bati, godoro, blanketi, ndoo na shuka mbili. Kitanda changu kilikuwa cha juu. Sikuwahi kuanguka.

Baba hakuniweka tena chini ya mizani baada ya msimu ule, na hatukulizungumza jambo lile mpaka amekufa. Shokapu ya kulia ilipochoka hakuitupa. Iliwekwa stoo na kipete chake cha mpira, na kila tulipohama ilihama nasi. Mara nyingi nilitaka kumuuliza kwa nini, nikaogopa atanijibu.

Basi siku ile ya tatu ya msiba niliificha shokapu nyuma ya pipa la maji, na nilipogeuka nikaona wanawake wa Lingeka wanaingia uani. Wa mbele alikuwa mnene kidogo, ana mvi pembeni, amebeba bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Alinitambua kabla sijamtambua. Alikuwa Limi. Mama yake alitangulia zamani, na yeye alikwisha kurudi Lingeka na wanawe, analima shamba lilelile. Alinipa pole, akakaa nami kwenye mkeka, akaniambia baba yangu alikuwa mtu wa watu, ndiye peke yake aliyeleta gari mpaka mlangoni kwao.

Sikuweza kuvumilia kuusikia wema ule. "Limi," nikasema, "ile mizani."

"Tulijua," alinijibu.

Alisema kwa wepesi, akinyoosha kitambaa cha bakuli. "Furushi nimelileta mwenyewe kichwani toka shambani. Shingo yangu haijui uzito? Mama alinikataza kusema. Alisema gari hili likiacha kuja, pamba italiwa na mchwa."

"Na matobolwa?"

"Alikuwa anasema mtoto wa watu magoti yanamtetemeka, apewe kitu ale."

Nyuma ya nyumba walikuwa wanapakua maharage, na ile harufu ilikuwa bado haijaisha hewani. Nilikuwa natafuta namna ya kuomba msamaha kwa mtu ambaye hajaniomba chochote, na bado nikajipa moyo kwa unyonge wangu, nikawaza kwamba kama walijua, basi mimi nilikuwa chombo tu, mtoto asiyejua, na wao walinihurumia hivyo.

"Ila siku ile ulisimama pembeni ukatazama mshale," Limi alisema. "Mimi nilikuwa na mzigo kichwani, nakuangalia wewe. Nikasema moyoni, leo haingii."

Akafunua bakuli, ndani mna matobolwa, akalisogeza karibu na mimi, akaniuliza maji ya kunawa yako wapi.